Kimeo cha Mwanatumu

Kila alasiri akitoka shuleni, Mwanatumu alikwenda kuamia ndege kwenye mpunga wa bibi yake Esha, karibu na Msambweni. Bibi alimpa debe la kupiga ili kuwafukuza, maana sauti ya mtoto huyo ilikuwa na kazi: Jumamosi ya wiki iliyofuata ndiye angeongoza wimbo wa uhuru wa shule yao kwenye sherehe huko Kwale. Lakini wapi! Debe lilikaa chini tu. Yeye na Katana, wa shamba la pili, walishindana kupiga ukelele.

Asubuhi moja akaamka sauti hana.

"Shikamoo, bibi," alikwaruza.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekauka sauti hivyo? Ulipiga kelele shambani?"

"Hata kidogo, bibi. Nilipiga debe."

Bibi Esha alimwamini, masikini. "Basi ni kimeo hicho, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimerefuka. Kesho fundi wa kukata vimeo atakikata."

Mwanatumu alikijua kisu cha yule fundi. Alilia mpaka bibi akamwonea huruma, akakubali wapitie hospitali kwanza.

Daktari Boga alimwamkia bibi kwa adabu, kisha akakipasha moto kioo kidogo chenye mpini mrefu, kisije kikaingia ukungu. Akaushika ulimi wa Mwanatumu kwa kitambaa, akakiingiza kioo hicho mpaka nyuma ya koo. "Sema eee."

Alitazama kwa makini. "Kimeo hakina neno, mama. Shida iko chini yake, kwenye nyuzi za sauti. Zimevimba, nyekundu. Huwa hivi mtu akipiga kelele sana."

"Hakupiga," bibi alisema. "Mjukuu wangu hanidanganyi."

Maneno hayo yalimchoma Mwanatumu moyoni. "Nilikudanganya, bibi. Nilishindana na Katana. Nisamehe."

"Loo, mtoto huyu! Ningekukatisha kinyama kisicho na kosa," bibi alisema, akamkumbatia kwa nguvu.

Daktari aliamuru anyamaze wiki nzima, hata kunong'ona asinong'one, na anywe maji mengi. Alinyamaza kwelikweli, ingawa Katana alimchokoza kila siku. Jumamosi ile sauti ilitoka safi, na bibi akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka.

Wakirudi nyumbani, bibi alimshika mkono. "Daktari ana kioo cha kuona kooni, mjukuu wangu. Mimi sina. Nina maneno yako tu. Ukinipa ya uongo, nitakutibu kwa uongo huohuo, na atakayeumia ni wewe."