Kiti cha Mbele

Mshale wa joto ulianza kupanda pale darajani, kabla hata magari hayajasimama sawasawa.

Mama Zipu aliuona kwa pembe ya jicho. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake ya kushona, na lilimkaa kuliko lile la wazazi wake. Tangu watoke nyumbani mshale ulikuwa umetulia katikati kama paka aliyeshiba. Sasa foleni imeanza kujikokota, na wenyewe ukanyanyuka, ukaelekea kwenye wekundu.

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe kutoka kiti cha nyuma.

"Hakuna kitu, mama. Gari imechoka kidogo."

"Aliyechoka ni mimi. Gari ina umri gani wa kuchoka?"

Mama mkwe alikuwa mgonjwa wa figo. Ilibidi apelekwe hospitali kila baada ya siku chache kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na daktari alikuwa amempigia marufuku maji. Kikombe kidogo asubuhi, funda moja moja mchana koo likikauka, basi. Zaidi ya hapo maji yangejaa kifuani, yamzamishe mtu akiwa nchi kavu. Kwa hiyo mwanamke huyu, ambaye enzi zake aliuza mkaa na sauti yake ikisikika mtaa wa pili, aliishi na kiu kama watu wanavyoishi na mpangaji mkorofi. Alinyonya ndimu, alisukutua na kutema, alilitukana bomba lililodondosha maji. Lakini sharti hakulivunja hata siku moja.

Moshi ulipoanza kutoka kwenye boneti, Mama Zipu aliegesha pembeni. Alisubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Ndani palikuwa pakavu. Aliinama kutazama chini ya gari, akakuta lami kavu vilevile, hakuna hata tone. Akachukua chupa ya maji na kumimina, na ndipo aliposikia ule mlio. Haukuwa mlio wa maji yanayoingia kwenye chombo. Ulikuwa mlio wa koo. Gudu, gudu, gudu, kama mtu aliyetoka safari ndefu. Chupa iliisha, ya pili ikaisha, na mle ndani kitu kikashusha pumzi ya kuridhika.

"Hewa tu," Mama Zipu alijiambia. "Hewa kwenye mipira." Alifunga kifuniko upesi.

Walipovuka daraja na gari likapata mwendo, mshale ulishuka wenyewe.

Jioni hiyo gari lilikuwa gereji kwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye wote walimwita Fundi. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, na nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo.

"Sikiliza, shemeji," Fundi alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Gari ikikimbia, upepo unapoza rejeta bure. Ikisimama, feni ndiyo upepo wake. Ukiona gari inachemka kwenye foleni na inapoa kwenye mwendo, mshukiwa wa kwanza ni feni."

Na kweli, mota ya feni ilikuwa imeungua. Akaweka nyingine. Hakuishia hapo, maana alikuwa mtu asiyependa kazi yake imrudie. Alibadilisha kifuniko kilicholegea springi, akasafisha rejeta, akapima mfumo mzima kwa pampu ya presha, nao ukashika bila kupungua. Alichomoa kijiti cha oili akakuta oili safi, haijachanganyika na maji. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe. Mwisho aliliacha gari likiunguruma limesimama huku yeye akila chakula chake. Feni iliwaka, ikazima, ikawaka tena, na mshale haukutikisika.

"Imepona," alisema. Kisha akajikuna kisogo. "Ila yale maji uliyomimina, shemeji, sijui yalikwenda wapi. Hayakuvuja, hayakuingia kwenye oili, hayakutoka na moshi."

"Sasa?"

"Sasa nakupa mbinu ya dharura. Ikipanda tena, zima eisi, washa hita mpaka mwisho, fungua madirisha. Joto la injini litahamia ndani. Utaiva kama hindi, lakini injini itasalimika."

Safari iliyofuata, foleni iliwakamata tena pale pale. Mama Zipu aliisikia feni ikizunguka vizuri, na bado mshale ukapanda. Akafanya alivyoelekezwa. Hita ilipuliza pumzi ya moto usoni mwake, na ndani ya pumzi ile mlikuwa na harufu. Haikuwa ya oili wala ya mpira. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa ya kisima, lile la majani yaliyooza na vyura waliokufa.

*Ting. Ting. Ting.*

Taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, ile inayomwambia abiria wa mbele afunge mkanda.

Kwenye kiti cha mbele palikuwa na mkoba wake tu. Aliutoa, akauweka miguuni. Taa haikuzima. Alikipapasa kiti kwa mkono, akakuta kitambaa cha kiti kimebonyea, kimebonyea kama kinavyobonyea chini ya mtu mzito aliyekaa akatulia, na kwenye mbonyeo ule mlitoka joto lililomkausha mate mdomoni, likamkausha macho mpaka kope zikamkwaruza, na ile ting ting ikaendelea, na magari mbele hayakusogea, na nyuma hayakusogea, na pembeni mwake, karibu kabisa na sikio, sauti isiyokuwa ya kiume wala ya kike ikasema taratibu:

"Nina kiu."

Mama Zipu alishindwa kupiga kelele. Ulimi ulikuwa umenata.

"Hata wewe wa nyuma una kiu," ile sauti iliendelea. "Nakusikia. Nikalishe, nami nitakunywesha mpaka ushibe."

"Nani huyo," alisema mama mkwe, "anayelia kiu mbele yangu?"

Ting ting ilikatika.

"Nakuuliza! Mimi nina kiu tangu mwaka jana. Wewe umeshaninywea rejeta nzima, bado unalia? Huna haya?"

Foleni ikasogea. Daraja likapita, kiti kikainuka, upepo ukaingia. Mama Zipu aliendesha huku analia bila machozi.

Walichelewa. Nafasi ya mama mkwe kwenye mashine ilikuwa imekatwa nusu, na muuguzi aliwaeleza waziwazi kwamba damu isiyosafishwa sawasawa haina subira. Waliporudi nyumbani miguu yake ilikuwa imevimba, na kupanda ngazi mbili za mlangoni alipumzika mara mbili.

"Pale darajani napajua," alisema baada ya kuketi. "Kabla barabara haijapanuliwa, nyumba yetu ilikuwa pale. Na kisima kilikuwa pale. Walikifukia kwa mawe siku ile ile walipotubomolea. Watu walisema kisima kina mwenyewe. Sisi tulipakia vyombo tukahama. Huyo, naona, hakuhama."

Mtaalamu wa mambo ya majini aliitwa, mzee mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Alilizunguka gari, akanusa, akaingia ndani kuzungumza na mgonjwa.

"Anataka kiti," alisema. "Mtu wa kumpanda kichwani. Si mkali akikaribishwa. Mama akikubali kuwa kiti chake atatulia, ila ndiyo, itabidi apewe maji kila akitaka."

"Kila akitaka," mama mkwe alirudia. "Yaani yeye anywe, mimi nife."

"Vinginevyo msipite njia ile."

"Njia ya hospitali ni ile tu. Baba, nimeishi umri huu wote sijawahi kuwa stuli ya mtu. Sianzi leo."

Fundi alitaka kumpeleka mama yake kwa pikapu yake mwenyewe, gari lile libaki nyumbani. Mama alikataa. "Nikimkimbia barabarani, kesho atanifuata kitandani. Tunakwenda na gari letu." Basi Fundi akasema atakaa yeye kiti cha mbele, aone jini atakaa wapi. Alisema kwa kucheka. Mwenyewe alikuwa haamini kwa asilimia zote. Alizoea kufunga boliti, si majini.

Siku ya safari jua lilikuwa utosini. Foleni ilianza mbali kidogo na daraja, na Fundi, mkanda umefungwa, chupa mbili za maji miguuni, alikuwa akiutazama mshale kama mtu anayemsubiri mdeni wake. Ulipopanda alisema, "Hita, shemeji." Mama Zipu akaiwasha.

Harufu ikaja.

*Ting. Ting. Ting.*

"Mkanda si nimefunga?" Fundi aliuvuta kuhakikisha. Halafu uso wake ukabadilika. "Shemeji," alinong'ona. "Shemeji, kuna mtu kanikalia."

Mapaja yake yalikuwa yamebonyea. Suruali ilikuwa imegandamizwa, na kifua kilikuwa kinasukumwa nyuma kwenye kiti polepole, na jasho lililokuwa likimtiririka usoni lilikauka papo hapo likaacha chumvi, na midomo ikapasuka mistari, na macho yakazama, na mikono yake, ile mikono minene yenye weusi wa grisi kwenye kucha ambayo Mama Zipu aliijua kama mikono ya ndugu yake wa tumbo moja, iliinama ikaokota chupa ya kwanza, ikaifungua, na Fundi akanywa, akanywa bila kuvuta pumzi, gudu, gudu, gudu, mpaka plastiki ikajikunja ikalia ndani ya kiganja chake.

Chupa ya pili aliielekeza nyuma. Shingo yake iligeuka kuliko shingo inavyopaswa kugeuka.

"Kunywa," alisema, kwa sauti isiyokuwa yake. "Kunywa, mama, ushibe. Nimwachie huyu nikae kwako."

Mama mkwe aliipokea chupa. Mama Zipu aliona kwenye kioo jinsi koo la kikongwe lilivyopanda na kushuka. Maji yalikuwa masafi, yanang'aa juani. Aliifungua, akaipeleka mdomoni.

"Mama, usi—"

"Nyamaza, mwanangu. Endesha."

Akanywa funda moja. Alilishika mdomoni muda mrefu, akalimeza, akajipangusa kwa upindo wa kanga. "Hilo ndilo langu," alisema. "Moja." Chupa haikutaka kutoka midomoni. Ilisukuma, ikamgonga meno, na yeye akauma meno, akageuza uso, akaishika kwa mikono miwili, akaitoa dirishani na kuipindua. Maji yalimwagika yote kwenye lami ya moto.

Kilio kilichotoka kifuani mwa Fundi kilizima honi zote za barabara.

"Lia!" mama mkwe alipaza ile sauti yake ya mkaa. "Walikufukia kisima chako, najua, niliona! Na sisi walitubomolea nyumba. Niliondoka na godoro kichwani na watoto mgongoni. Je, niliingia tumboni mwa mtu? Nilimkalia mtu mapajani? Nilitafuta pengine nikaanza upya! Na huyo uliyemkalia nilimzaa kwa uchungu wangu, si kiti, si stuli, si mkeka. Shuka!"

Mama Zipu alizima hita. Akazima injini, akachomoa ufunguo. Ting ting haikukoma. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, gari limezimika, na taa nyekundu bado inawaka.

"Mfungulie mlango," mama mkwe alisema. "Mgeni akikataa kuondoka, mwoneshe mlango."

Mama Zipu alijinyoosha juu ya mapaja ya shemeji yake, akapita katikati ya kitu kilichokuwa kizito na cha moto kama mdomo wa tanuri, akakamata komeo. Lilimchoma kiganja. Hakuliachia. "Umesikia alivyosema mama," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Shuka!" Akasukuma.

Mlango ulifunguka. Springi za gari zikalia, gari likainuka upande mmoja, kama linavyoinuka abiria mnene anaposhuka. Taa ikazima. Fundi aliinama nje akatapika maji kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, na mama yake akamshika bega kutoka nyuma.

"Basi, baba. Basi. Umeshapona."

Mama Zipu alifunga kiganja kwa kitambaa. Alikuwa karibu kuwasha gari alipotazama kulia. Kwenye mstari wa pili palikuwa na gari dogo jeupe, na boneti lake lilikuwa limeanza kufuka moshi. Ndani alikuwepo kijana peke yake, amevaa tai. Alikuwa akikitazama kiti cha pembeni yake, kilichokuwa kitupu, na alikuwa akijilamba midomo.

Mama mkwe naye aliona. Alishika fimbo yake.

"Mama, hapana," alisema Fundi. "Hospitali."

"Na huyu naye si anaelekea huko huko? Atanipeleka. Nyie nifuateni nyuma."

Alishuka kwa miguu ile iliyovimba, akapita kati ya magari bila kuharakisha, huku madereva wakimpigia honi naye akiwapungia fimbo. Alifungua mlango wa mbele wa gari jeupe. Kwa mbali Mama Zipu aliisikia ile ting, ting, ting.

Mama mkwe aliinama, akachungulia ndani, akapandisha kanga yake kiunoni.

"Sogea," alisema, na hakuwa akimwambia kijana. "Hapo nakaa mimi."