Sura ya Baba Stella

Kila Jumamosi Bibiana wa Chilangala alifagia uwanja, akateka maji, kisha akasugua kioo cha picha ya marehemu mumewe kwa mafuta ya nazi. Picha yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo, na ukungu umeshakula mpaka mabegani. Masika yajayo ungefika usoni. Binti yake Stella aliachwa tumboni, akamjua baba yake kwa picha ile tu.

Dunstan, mpiga picha, aliitwa kutoa nakala. Akapiga kwa flashi. Aliporudi na picha iliyosafishwa, palipokuwa na uso palitoka weupe mtupu.

"Tuibandue kwenye kioo, Mama Stella?"

"Thubutu! Itachanika!" Machozi yalimlengalenga Bibiana.

Jirani yao Isabela, nesi wa macho, akasogea.

"Na mafuta haya ya nini, dada?"

"Ing'ae, wageni waione."

"Haya, imeng'aa mpaka haionekani!"

Wakacheka. Isabela akafuta mafuta kwa sabuni. Hata hivyo mwanga wa dirisha bado ulimeremeta juu ya kioo. Basi akatoa miwani ya jua aliyoipata kwenye mitumba iliyojaa Masasi siku hizi za soko huria.

"Mwanga unaoruka kwenye kioo ni kama vijiti vilivyolala upande mmoja," alisema. "Miwani hii ni uzio wa fito. Ukiugeuza vizuri, vijiti vile havipenyi. Mwanga wa picha umekaa kila upande, kwa hiyo mwingine unapita. Lakini si kila miwani myeusi inafaa. Tazama maji yanayometameta kwenye beseni huku ukiizungusha. Mng'ao ukififia, ndiyo yenyewe."

Wakajaribu. Mng'ao ukafifia, Bibiana akaona mpaka kitako cha beseni.

"Dunstan, acha flashi. Usikae mbele kabisa, kaa ubavuni. Egemeza kamera mezani, maana mwanga utapungua."

Isabela akashika miwani mbele ya kamera, akaizungusha polepole.

"Hapo hapo!" Dunstan akapiga kelele. "Namwona mpaka kope!"

Masika yalipokuja, ukungu ulikula uso wote wa picha ya zamani. Bibiana aliumia sana. Lakini nakala ilikuwa ukutani, mbali na unyevu. Jumamosi alichukua chupa ya mafuta kwa mazoea, akasita, akaifunga.

"Leo hupakwi, Baba Stella," alisema. "Tutazamane tu."