Simu Iliyomficha Mahfoudh Jibu

Ukumbi wa samaki wa Darajani asubuhi ile ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Madalali walinadi kwa sauti zilizokauka, maji ya barafu yalitiririka sakafuni, na Badria alipita baina ya watu akiwa ameinua pindo la baibui lake lisilowe. Chini yake lilichungulia dera la rangi ya embe bivu, na bangili zake zililia kila alipompisha mtu.

Kwenye meza ya changu alimkuta kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likakaa, miwani myeusi, fimbo nyeupe kwapani. Kijana alimbonyeza samaki kwa kidole gumba, akamnusa, akamrudisha mezani.

"Huyu wa juzi."

"Wa juzi! Wallahi katoka majini alfajiri hii," muuzaji akaapa.

"Labda maji ya ndoo yako."

Badria alicheka kwa sauti kabla hajawahi kujizuia. Kijana akageuza uso kuelekea kule kicheko kilikotoka.

"Na wewe dada unayecheka, hebu nisaidie. Macho ya samaki huyu yakoje?"

"Yameingia ndani kama ya mgonjwa wa homa."

"Ahsante. Muuzaji, umesikia? Sasa tuko wawili."

Sauti ile Badria aliijua. Kila asubuhi alipokuwa akifungua duka lake, ndiyo iliyomsalimia kutoka kwenye redio ya jirani.

"Subhanallah! Wewe ndiye Mahfoudh wa redio?"

"Naam, ndiye mimi."

"Na sauti nene vile! Nilidhani una kitambi na wajukuu."

Ikawa zamu ya Mahfoudh kucheka. Walitoka pamoja hadi barabarani, kila mmoja na mfuko wake wa samaki, na Badria akamwambia kuwa yeye ni fundi simu, ana duka Mlandege.

"Mwanamke fundi simu?"

"Una neno?"

"Sina neno. Nna simu."

Simu yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote siku ile, lakini aliipeleka. Akaipeleka tena wiki ya pili, ati betri inapata moto. Mara ya tatu Badria akamwambia, "Habibi, ukitaka kuja kukaa, njoo ukae. Usiisingizie simu ya watu." Neno habibi lilimtoka bila kukusudia, na Mahfoudh hakulirudisha.

Mahfoudh alikuwa haoni tangu utotoni. Simu ndiyo iliyomsomea ujumbe wake, ikamtajia kila jina na kila namba aliyoigusa kwa kidole. Aliizoesha kusema haraka mno, hata mtu mwingine akiisikia hakuambulia kitu. Kwa simu hiyo walizungumza kila siku, yeye akitoka kazini, Badria akifunga duka.

"Umekula?"

"Nshakula. Wewe?"

"Nasubiri nikuoe, nile chako."

"Basi utakonda, maana mie wali wangu huungua."

"Nitaunusa mapema, usijali."

Kikwazo kilikuwa mama yake Badria, Bi Tahiya. Mama huyo alikuwa mjane, akiishi Kiembe Samaki na Badria, binti yake wa pekee. Mahfoudh alipotuma neno kuwa anataka kuposa, Bi Tahiya alikunja uso.

"Mwanangu, mtu haoni. Utamshika mkono mpaka lini?"

"Mama, yeye ndiye anayenishika mimi. Nikiwa naye sokoni, hanidanganyi mtu."

"Nipe muda nifikiri."

Badria alimpa muda. Mahfoudh naye akasubiri. "Usimharakishe," alimwambia. "Ila siku akikubali, nipigie saa hiyo hiyo. Hata niwe hewani."

Jumanne moja Mahfoudh alikwenda Bwejuu kurekodi kipindi cha wanawake wanaolima mwani. Bahari ilikuwa imekupwa, upepo unarusha mchanga, na yeye alisimama kati yao, suruali kaikunja magotini, simu kainyoosha mbele kuyanasa maneno na vicheko vyao. Alirudi mjini jioni na sauti nzuri za kipindi. Lakini alipoigusa simu imsomee saa, haikusema kitu. Akaigusa tena. Kimya. Alipopigiwa, ililia kama kawaida, lakini alipopokea hakusikia neno.

Siku ya pili, Jumatano, Bi Tahiya alikuwa jikoni akikuna nazi. Alimwita binti yake, naye Badria akaja akidhani anatakiwa kuchuja tui.

"Mwambie huyo Mahfoudh alete wazee wake Ijumaa."

Badria akachuchumaa mbele yake.

"Nilikuwa nasema macho, macho," Bi Tahiya akaendelea, hakuinua uso. "Macho yake hayana kosa. Mie naogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii, basi nikatafuta pa kushika."

"Mama, hatutakuacha. Wallahi hatutakuacha!" Badria alimkumbatia na nazi yake mkononi, machicha yakawaganda wote wawili.

Alikimbilia chumbani, akaandika ujumbe, akautuma. Hakuweza kusubiri jibu, akapiga.

"Hallo?" Mahfoudh akapokea.

"Habibi! Umeusoma ujumbe wangu?"

"Hallo? Nani?"

"Mie, Badria! Acha mchezo wako."

"Nani wewe? Kama huna la kusema usinipigie. Nshachoka na mchezo huu. Usinisumbue tena!"

Simu ikakatwa.

Badria alikaa ukingoni mwa kitanda. Mchezo gani? Kumsubiri mama yake kulikuwa mchezo? Basi alikuwa amechoka siku zote hizo, na maneno yake matamu yote yalikuwa ya kujikaza. Hakumwambia mama yake kitu. Jikoni Bi Tahiya alikuwa keshaanza kuimba.

Mahfoudh naye alikuwa chumbani kwake Mkunazini, akiwa na hasira. Alizoea wasikilizaji wenye utani mbaya, wanaopiga na kukaa kimya ili wamsikie anavyobabaika. Hakujua kuwa jibu alilolisubiri kwa miezi limo ndani ya kiganja chake.

Alhamisi, alipomaliza kipindi, mwenzake Silima alijitolea kumfungulia simu. "Nipe namba ya siri nikutazamie."

"Sikupi. Humo mna maneno ya mtu," Mahfoudh akasema. "Niazime yako tu."

Namba ya Badria aliijua kwa moyo. Aliibonyeza kwenye simu ya vitufe ya Silima, ikaita.

"Badria, mpenzi wangu..."

"Jana umeniambia nisikusumbue tena," Badria akamkata. "Basi na wewe usinisumbue." Akakata.

Mahfoudh alisimama na simu sikioni, uso umemshuka. Jana? Jana hakuzungumza na Badria hata kidogo. Alimrudishia Silima simu yake, akachukua fimbo, akatoka. Silima alitaka kumsindikiza, akakataa.

Dukani Mlandege wateja walikuwa wamebanana. Bi Ulfat, mama mnene wa baibui la kung'aa, alikaa kwenye kigoda akisubiri kuwekewa kioo kipya. Fimbo ikagonga ngazi.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," wote wakaitikia. Badria naye aliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Lakini hakuinua kichwa.

"Nimeleta simu."

"Mafundi wamejaa Mlandege nzima."

"Mie nna fundi mmoja tu."

Bi Ulfat akasogeza kigoda chake karibu.

"Ina nini?" Badria akauliza, kavu.

"Inalia, nikipokea sisikii kitu. Wala hainisomei. Tangu juzi nilipotoka Bwejuu, imekuwa kama jiwe."

"Hata anayekupigia humsikii?"

"Hata mmoja. Jana mtu kanipigia, nikadhani ni watu wa utani, nikamfokea."

Bisibisi ya Badria ikasimama hewani. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asinisumbue tena." Kisha sauti yake nene ikapungua. "Badria. Alikuwa nani?"

"Alikuwa mimi."

Badria alimpokonya simu karibu kwa nguvu. Juu ya kioo palikuwa na alama ndogo ya hedifoni, na hedifoni yenyewe haikuwepo.

"Ya Rabbi! Simu yako inadhani umechomeka hedifoni," akasema. "Sauti zote inazipeleka huko, na huko hakuna mtu wa kusikiliza."

Aliizima, akamulika tundu la hedifoni kwa taa. Akaingiza brashi nyembamba. Mchanga mweupe wa Bwejuu ukamwagika juu ya meza. Akasokota pamba kwenye kijiti, akaichovya spiriti, akasafisha chumvi, akaacha pakauke. Akachomeka hedifoni na kuichomoa, akachomeka na kuchomoa. Akaiwasha.

Alama ilikuwepo palepale.

"Haijapona?" Bi Ulfat akauliza, kama anaulizia mgonjwa wake.

Badria alivaa miwani ya kukuzia, akaizima tena, akainamia tundu lile kijasho kikimtoka. Kule ndani kabisa, nyuma ya kijibati kinachogusana na hedifoni, chembe moja ya mchanga ilikuwa imejibana, na kijibati kimelala hakiinuki. Kwa ncha ya sindano aliikwangua taratibu, pumzi kaizuia, mpaka chembe ikaruka na kijibati kikainuka. Akaiwasha mara ya pili.

Alama imetoweka. Simu ikapiga kelele iliyowashtua wote.

"Imesema!" Bi Ulfat akapiga makofi.

Mahfoudh aliipokea kwa mikono miwili, akaweka namba yake ya siri, akagusa ujumbe wa mwanzo. Simu ikaporomosha maneno mbio mbio, hakuna aliyeyadaka. Lakini uso wa Mahfoudh ulibadilika. Akaigusa tena, ikarudia. Badria alijifunika uso kwa mtandio.

"Inasema nini hiyo, mbona inakimbia?" Bi Ulfat akauliza.

Mahfoudh alivuta pumzi, akasimama wima kama yuko mbele ya kipaza sauti.

"Inasema hivi, mabibi na mabwana. Mama kakubali. Njooni Ijumaa. Nnakupenda, na usije ukalia redioni."

Bi Ulfat aliachia kigelegele kikafika barabarani. Wauza duka jirani wakaja mbio, wengine wakipiga makofi bila kujua kwa lipi.

"Nisamehe," Mahfoudh akasema katikati ya zogo lile.

"Nisamehe na mie. Fundi mzima, nikaona bora niamini umenichoka kuliko simu yako kuwa mbovu."

"Nikuchoke? Sijaanza bado."

Ijumaa wazee walikwenda Kiembe Samaki, wakapokewa kwa kahawa na halua, na Bi Tahiya ndiye aliyekataa ndoa icheleweshwe. Baada ya mfungo, alasiri moja, Mahfoudh alifunga ndoa msikitini, akaongozwa hadi nyumbani kwa mama mkwe, kanzu yake ikinukia udi, kofia ya viua imemkaa sawasawa. Wanawake walimpitisha kwa vigelegele mpaka chumbani, akampa Badria mkono, akaketi pembeni yake.

"Hebu niambie," akamnong'oneza, "umevaa nini?"

Badria alimshika vidole, akavipitisha polepole juu ya mkono wa gauni. "Hariri ya kijani. Hapa pameshonwa nyuzi za dhahabu, unazisikia? Kichwani asumini, hizi za hapa uwani kwetu. Hina imepanda mpaka kwenye viwiko."

"Na uso?"

"Uso unacheka."

"Huo," Mahfoudh akasema, "nnausikia."