Tayari Amemeza

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani anayemuuguza mama yake peke yake. Dawa ya moyo ilikuwa imekwisha, na mama hakutakiwa kuikosa hata mara moja. Akamfungia mlango kwa kufuli, akatoka mchana ule kuzunguka maduka ya dawa.

“Imeisha, dada,” kila alikoingia aliambiwa hivyo hivyo.

Mkobani simu ililia bila kukoma. Ilikuwa programu ya kukumbusha dawa, ambayo hainyamazi mpaka ubonyeze kwamba mgonjwa amemeza. Akiwa duka la mwisho, anabembeleza apewe hata kidonge kimoja, ikanyamaza yenyewe. Akaitoa, akasoma: Tayari amemeza.

Alirudi mbio, roho mkononi. Kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha. Ndani umeme ulikuwa umekatika, mapazia yamefungwa, giza tupu.

“Mbona unahema hivyo, mwanangu?” mama aliuliza kutoka kitandani.

“Dawa sijapata, mama.”

“Si umeninywesha sasa hivi? Ila mikono yako ilikuwa ya baridi.”

Ndipo rafiki yangu akasikia maji yakitiririka jikoni, na mtu akisuuza glasi taratibu, kama asiye na haraka ya kuondoka.