Haya, Inuka

Mimi sikuwepo, na namshukuru Mungu kwa hilo. Aliyekuwepo ni shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye ukimletea habari za mizimu atakuuliza kama mizimu hiyo inalipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana aliponisimulia nilimwamini.

Shangazi ana studio ya picha za pasipoti, kati ya duka la dawa na chumba cha mshonaji. Ukiingia unakuta kaunta na kioo cha kuchania nywele. Nyuma ya kaunta kuna pazia zito jeusi, na nyuma ya pazia ndipo panapopigwa picha: ukuta mweupe, taa mbili kubwa, stuli, na stendi ya miguu mitatu. Chumba hicho hakina dirisha. Taa za ndani zikiwashwa, na taa ndogo nyekundu juu ya pazia huwaka, na ikiwaka hakuna anayeruhusiwa kufunua pazia hata awe na haraka ya namna gani. Sheria hiyo iliwekwa na mume wake, na mtaa mzima unaiheshimu.

Mume wake watu walimwita Tulia. Jina lake halisi wengine walilisikia siku ya mazishi. Kila aliyekaa kwenye stuli ile aliambiwa, "Tulia. Usitikisike." Kisha alishikwa kidevu kwa vidole viwili, akageuzwa kushoto kidogo, akapigwa picha, na mwisho akaambiwa, "Haya, inuka." Hakuna aliyethubutu kuinuka kabla ya neno hilo. Wateja walimtania kwamba alikosea kazi, alipaswa kuwa hakimu.

Alifia mle mle kazini. Alikuwa amefunga taa mpya, akataka kuijaribu, akamkalisha mkewe na kumwambia atulie. Kabla hajabonyeza akaanguka, yeye na stendi na kamera yake. Shangazi aliruka kutoka kwenye stuli akamwahi, lakini hakukuwa tena na mtu wa kuwahiwa.

Sasa, mpiga picha ana kasoro moja: yeye mwenyewe hana picha. Tulia alipiga picha nusu ya mji, lakini ukutani kwake hakuacha hata sura moja ya kwake. Na mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi na shangazi, alikuwa anapoteza macho. Daktari alishasema wazi kwamba hakuna dawa. Kila jioni bibi yule alimuuliza mkaza mwana wake jambo lile lile. "Binti, ile picha ya mwenzio iko wapi? Nimwone mara moja tu kabla sijafungiwa mlango."

Picha zilikuwepo. Wiki moja kabla ya msiba, shangazi alimnyang'anya mumewe kamera akampiga picha yeye, naye huku anacheka na kujikinga kwa mkono. Kamera haikuwa na kadi siku hiyo, kwa hiyo picha zilibaki ndani ya kamera yenyewe. Kioo cha nyuma kilipasuka siku ya kuanguka, hakionyeshi kitu. Kompyuta ya zamani iliungua. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kununua kompyuta mpya na kuiunganisha na kamera ile kwa waya.

Kompyuta ililetwa asubuhi moja ya kawaida kabisa, jua limeshakolea, mshonaji anagombana na cherehani yake ng'ambo ya ukuta. Shangazi aliipanga kwenye meza ndogo nyuma ya pazia, akawasha taa, akaifunga kamera kwenye stendi yake ya siku zote, akachomeka waya.

Kompyuta haikuona kitu.

Alimpigia fundi aliyemuuzia. Fundi akauliza kama kamera imewashwa. Imewashwa. Betri? Ilikesha kwenye chaji. Basi achomoe, achomeke tundu jingine. Akachomeka. Abadilishe waya. Akabadilisha. Azime kompyuta, aiwashe upya. Shangazi alifanya yote, na kompyuta ilibaki inamkodolea macho. Miguu ikamuuma. Akavuta pumzi, akajiketisha kwenye stuli.

Kompyuta ikatoa mlio mfupi wa kupanda. Kwenye kioo pakaandikwa kwamba kamera imeunganishwa.

Shangazi alifurahi akasimama. Ukasikika mlio wa kushuka, na maandishi yakafutika. Akakaa, mlio wa kupanda. Akasimama, mlio wa kushuka. Fundi kwenye simu akasema ni waya tu, mama, mguu wa stuli unaubana. Shangazi aliupitisha waya juu ya meza, mbali kabisa na stuli. Akakaa. Mlio wa kupanda.

Alipandisha boksi la karatasi juu ya stuli, kimya. Akamwita mshonaji, mwanamke mnene kuliko yeye, amkalie ile stuli kidogo. Kimya vilevile. Mshonaji akacheka akasema labda kompyuta yenyewe inabagua, kisha akasikia mteja anamwita kwake, akatoka. Pazia likarudi mahali pake.

Shangazi aliniambia kwamba hapo ndipo alipaswa kutoka naye. Lakini alimkumbuka mama mkwe wake anavyopapasa meza akitafuta kikombe kilichopo mbele yake. Kompyuta mpya ilikuja na kipanya kisicho na waya. Akakichukua mkononi, akakaa kwenye stuli, akakiendesha juu ya paja lake. Mlio wa kupanda. Picha zikajitokeza, ndogo ndogo. Tulia anacheka. Tulia na mkono usoni. Shangazi akazichagua zote, akaamuru zinakiliwe. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, taratibu sana.

Kisha akasikia harufu ya dawa ya kuchua.

Tulia alikuwa mrefu, na kuinamia kamera kulimuumiza mgongo. Alijipaka dawa ile kila siku. Chupa yake ilitupwa zamani.

Mkono wa stendi ukazunguka. Kri. Kri. Kichwa cha kamera kikashuka, kidogo kidogo, mpaka kikalingana na macho yake. Shangazi ni mfupi. Mumewe alikuwa akiishusha hivyo kwa ajili yake tu.

Alitaka kusimama. Mapaja hayakusikia. Kipanya kikaanguka sakafuni, na mkono wake ukabaki umepinda vilevile, kama bado umekishika. Vidole viwili, baridi, vikamshika kidevu. Vikamgeuza kushoto. Kidogo.

"Tulia," sauti ikanong'ona. "Usitikisike."

Hakutikisika. Hakuweza hata kupepesa. Machozi yalishuka, kope hazikushuka.

Nje alimsikia mshonaji amerudi. Alimsikia anasema na muuza dawa kwenye kaunta, wanazungumzia bei ya vitambaa. Hatua chache tu kutoka alipokaa. Muuza dawa akamuuliza mwenye studio yuko wapi, na mshonaji akajibu kwamba taa nyekundu inawaka, kuna mtu anapigwa picha, tungoje. Wakangoja. Watu waungwana, wamefundishwa vizuri. Shangazi alijaribu kupiga kelele na koo likakataa.

Mstari wa kijani ulifika mwisho. Picha zilikuwa zimeingia zote. Hakuna kilichobadilika.

Midomo tu ndiyo iliyokubali, na kwa shida. "Baba," alinong'ona, "piga basi. Mama anakusubiri."

Kamera ikalia. Mwanga ukampiga usoni.

Aliingoja ile "haya, inuka". Alingoja. Harufu ilikuwa pale pale. Pumzi ya mtu ilikuwa pale pale, nyuma ya kamera. Na akaelewa kwa nini haisemwi. Akishaisema, mkewe atatoka, na yeye atabaki peke yake mle ndani. Shangazi alisema aliogopa sana, na alimhurumia sana, na hakujua kipi kilikuwa kinamliza.

Mchana huo mama mkwe alikuja studio kwa fimbo yake, akipapasa ukuta, kama alivyozoea kuja kula na mkwewe. Mshonaji akamshika mkono, akamwambia asubiri, mle ndani wanapiga picha.

"Nani anayepiga?" bibi akauliza.

Mshonaji akaitazama tena ile taa nyekundu. Na bibi, ambaye ile taa nyekundu hakuiona tangu mwaka ulipoanza, alifunua pazia akaingia.

Hakumgeukia shangazi. Uso wake aliuelekeza nyuma ya stendi, juu kidogo, mahali ambapo kingekuwa kichwa cha mtu mrefu. Akanusa.

"Mwambie ainuke, mwanangu," alisema. "Amechoka."

Bibi akatikisa kichwa, kama mama anayemjua mtoto wake kwa ukaidi. Akasema mwenyewe, "Haya, inuka." Shangazi akaanguka kifudifudi kutoka kwenye stuli.

Jioni ile bibi alimwona mwanawe. Aliisogelea kompyuta mpaka pua ikagusa kioo, akalia, akacheka, akamsema kwa nini hakunyoa ndevu. Baada ya wiki chache macho yalizima kabisa, lakini alikuwa ameridhika. Fundi wa kompyuta aliikagua kamera, akasema kitufe chake cha kupigia kilivunjika siku ilipoanguka na haiwezi tena kupiga picha. Hata hivyo picha ya mwisho ipo, nimeiona. Shangazi yuko kwenye stuli, machozi mashavuni, macho yake yakitazama juu ya kamera, na kwenye kidevu ngozi imebonyea mahali pawili.

Tangu siku hiyo shangazi akikaa, popote pale, hawezi kuinuka. Mtu mwingine akimwambia inuka, haisaidii. Nilijaribu mimi, akajaribu baba yangu, kaka yake wa damu. Ni mama mkwe peke yake aliyeweza. Kila baada ya chakula bibi alinyanyua uso wake usioona, akasema, "Haya, inuka," na shangazi akakusanya vyombo. Tulizoea, hata tukaanza kutaniana juu yake.

Bibi alifariki mwezi uliopita. Msibani watu wote walikaa, shangazi akasimama tangu asubuhi mpaka wageni walipotawanyika, na wengi walisifu heshima aliyompa mkwewe. Siku hizi anakula amesimama. Viti vyote vya nyumbani amevigawa. Studio ameifunga kwa kufuli, na funguo ninazo mimi peke yangu.

Jana nilikwenda kuchukua kompyuta ili tuiuze. Mle ndani kila kitu kilikuwa na vumbi, meza, taa, hata pazia. Stuli pekee ilikuwa imefutwa, safi, na ilikuwa imegeuzwa kushoto kidogo.