Alipokata Kelele

Dada yule aliingia kwenye jengo la maduka ya vifaa vya umeme akiwa ameibeba laptopu mikononi, imefunguliwa, kama mtu anayepeleka sinia mezani. Alikuwa mrefu, gauni la manjano limemkaa sawasawa, nywele amezifunga juu utosini. Ubavuni mwa laptopu kilichomekwa kijiti kidogo, na kwenye kijiti ulining'inia waya mwembamba ulioishia kwenye antena ndogo yenye sumaku. Wanunuzi walimsukuma huku na huku, na alipofika kwenye kaunta ya chuma sumaku ikanasa pap. Kila alipotaka kugeuka, antena ikamrudisha.

Muuzaji alimwambia yaleyale aliyomwambia alipokuja mara ya kwanza: kijiti cha kunasia redio ni kizima, tatizo ni hiyo Linux inayoendesha laptopu yake, na bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Dada naye alishikilia kwamba kijiti kimekufa. Wakawa wanabishana huku foleni inarefuka na watu wanaguna.

Nyuma yake alisimama kijana mmoja, shati la mistari limepigwa pasi upande wa mbele tu. Kazi yake ilikuwa kutunza seva za makampuni. Wenzake walimpachika jina la Bwana Amri kwa sababu siku nzima alizungumza na kompyuta kwa amri za kuandika, na pia, waliongeza wenye midomo, kwa sababu kuomba ushauri kulimshinda. Jina lilimfaa pande zote mbili. Aliichungulia skrini, akaibandua antena kwenye kaunta, akamkabidhi mwenyewe.

"Kijiti chako hakijafa," alisema. "Kimeolewa."

"Na nani?"

"Na televisheni. Kompyuta ikikiona inadhani umeleta cha kunasia TV, inakikumbatia palepale. Programu yako ya redio ikija kubisha hodi, inakuta mlango umefungwa."

"Na talaka inatolewaje?"

"Unaandika jina la mume kwenye faili la wasiokaribishwa. Mstari mmoja, unawasha upya, kimeachika."

Dada alicheka mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua anachekea nini. Wakavuta viti vya plastiki kando ya ngazi, Bwana Amri akaandika mstari wake, mashine ikazimika na kuwaka. Safari hii programu ilifunguka. Juu kukawa na mstari unaotetemeka, chini yake picha ya bluu inayoporomoka taratibu, na palipokuwa na kituo cha redio pakachorwa mchirizi wa njano. Dada aliutazama mchirizi ule kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wake.

"Huyo mchirizi ni mtu anaongea?"

"Ndiyo, ni mtu anaongea, Antena," alisema, na jina likamganda dada wa watu palepale.

Sasa, mwanamke anayefanya kazi ya kupokea simu za malalamiko katika kampuni ya maji, anayelipwa kusikiliza watu wakifoka kuanzia asubuhi, alitaka kijiti cha redio cha nini? Alimtaka baba yake. Mzee alikuwa mtangazaji wa kituo kidogo katika mji mwingine, kituo ambacho mawimbi yake yalifika hapa yakiwa hoi, yamezama ndani ya mvumo. Koo lake lilikuwa na ugonjwa, na madaktari walishasema wazi kwamba upasuaji utamwachia uhai na kuchukua sauti. Kabla ya kulazwa angefanya kipindi kimoja cha mwisho, moja kwa moja hewani. Kituo hakikuwa na utaratibu wa kuhifadhi vipindi. Antena alishamsihi arekodi hata kwa simu akiwa nyumbani, mzee akakataa. Mbele ya simu alikuwa mgonjwa anayekohoa, sauti yake ilitoka mbele ya kipaza sauti tu. Kwa hiyo kilikuwa kipindi kile au basi.

Bwana Amri alisikiliza yote hayo akiwa amekunja uso. Akasema atamsaidia, na alimaanisha.

Mapenzi yao yalikua kwa njia ya ajabu kidogo, kwenye simu, yeye anataja amri na Antena anachapa. Kijiti kiligoma tena, mara hii kwa madai kwamba mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kukigusa.

"Andika sudo, acha nafasi," alisema Bwana Amri.

"Imekataa."

"Nisomee ulichoandika."

"Sudo, acha nafasi."

"Umeandika 'acha nafasi'?"

"Si wewe uliyesema niandike?"

Alicheka mpaka akaweka simu chini. Aliporudi hewani, Antena alikuwa amenuna kwa kujifanya, anataka kujua huyo sudo ni nani hasa. Akaelezwa kwamba ni neno la kuiambia kompyuta kuwa anayesema ni mwenye nyumba, atiiwe.

"Basi sudo njoo kesho," alisema Antena.

"Inaniuliza neno la siri."

"Laazizi."

Kesho yake alikuja, na keshokutwa, na hakukosa tena. Sauti ilipokatika-katika walipunguza mzigo kiliobebeshwa kijiti. Vituo vilipoonekana vimesogea pembeni kidogo ya mahali pake, alimwonyesha jinsi ya kuvirekebisha. Programu ilipoanguka kila ikiguswa, aliifuta na kuijenga upya kutoka kwenye msimbo wake, naye Antena akampikia chai na kumtania kwamba fundi wa nyumba angekwisha kumaliza ghorofa. Walipanda juu ya paa wakafunga antena kubwa kwenye nguzo ya tangi la maji, upepo unapeperusha sketi yake, Bwana Amri anajitahidi kutazama waya. Walipoteremka, mzee alikuwamo. Chini ya mvumo mzito kama maji ya bomba, baba alikuwa anasoma matangazo ya vifo, taratibu, kila jina kwa heshima yake.

Antena alikaa sakafuni akalia. Bwana Amri alimshika bega, na kwa kuwa hakujua aseme nini, akafanya alichojua. Alivuta kitelezi kimoja, kitufe cha kusogeza pembeni mwa skrini, kelele zikakatika ghafla, chumba kikawa kimya.

"Umemfanya nini?" Antena alishtuka.

"Hiki ni cha kukata kelele. Mawimbi yakiwa dhaifu kuliko kiwango nilichoweka, programu inanyamaza. Nakitumia nikisikiliza marubani, wasiponena isinichoshe masikio."

"Mrudishe. Baba yangu yuko humo kwenye kelele."

Alikirudisha. Siku hiyo lilikuwa jambo la kucheka.

Jumamosi ya kipindi ilikuwa siku ya kazi kwa Antena. Likizo aliyopewa ilikuwa ya kwenda kumuuguza baba tu, siku moja zaidi bosi alikataa, na kwenye meza za kupokea simu hata simu ya mkononi hairuhusiwi. Alikuwa amepanga shangazi yake, anayekaa na mzee, aweke simu kando ya redio arekodi. Bwana Amri alipolisikia hilo alitabasamu kama mtaalamu aliyeonyeshwa kazi ya mikono ya mtoto. Simu mbele ya spika ingenasa kuku, watoto na sufuria, alisema. Yeye angerekodi hapa, safi. Usimsumbue shangazi.

"Basi rekodi mawimbi yenyewe, yote, na kelele zake," alisema Antena. "Si ulisema inawezekana?"

"Inawezekana, ila yatajaza diski bure. Sauti inatosha, mpenzi. Niamini."

Akampa ufunguo, akambusu shavuni, akaenda kazini na sare yake ya bluu. Na alimwamini kweli. Hilo ndilo linalouma zaidi katika kisa chote hiki.

Mchana ule Bwana Amri alikaa mbele ya laptopu mapema. Kipindi kilikuwa bado, akajiburudisha na marubani, akavuta kile kitelezi ili wasiponena pawe kimya. Muda ulipokaribia, seva ya mteja mmoja ikaanguka, simu ikaita, akavaa vipokea sauti ili azungumze na ofisi. Kwa mkono mmoja akahamia kwenye masafa ya mzee, akabonyeza kurekodi. Kitelezi hakukigusa. Skrini ilionyesha mchirizi wa baba, mwembamba, wa njano, unateremka bila kukatika. Aliutazama kipindi chote huku akimwelekeza mwenzake jinsi ya kufufua seva. Kwa macho yake mzee alikuwa anaongea.

Antena alipopata mapumziko alimpigia. Akauliza kama amempata.

"Nimempata, laazizi. Kipindi chote, kizima."

Alisema kwa nia njema, hajui. Antena akampigia baba yake papo hapo kumwambia kwamba yote yamehifadhiwa, na mzee akajibu kwa sauti ya mkwaruzo kwamba basi amemaliza, anaweza kwenda kulala.

Bwana Amri alilifungua lile faili baada ya kuzima simu ya ofisi. Palikuwa kimya. Akaongeza sauti, kimya. Akaichora sauti yake kwenye skrini, ukatokea mstari ulionyooka mwanzo mpaka mwisho. Ndipo akakiona kitelezi. Programu ilikuwa imefanya ilichoambiwa: imemwona mzee ni dhaifu, ikamnyamazisha.

Hapo angepiga simu. Kila msomaji anajua hapo angepiga simu. Mzee alikuwa na sauti mpaka Alhamisi, siku ya upasuaji, na kituo kile kilichomtunza ujana wake wote kisingemnyima nusu saa nyingine. Lakini Bwana Amri aliona aibu, na aibu yake aliivalisha nguo ya ufundi. Alijiambia lazima kuna kitu kimebaki ndani ya faili. Alijaribu programu moja baada ya nyingine, akaomba ruhusa kazini, akaandika amri mpaka vidole vikauma. Faili lilikuwa sifuri tupu, na sifuri haina cha kusafishwa.

Antena akipiga, aliambiwa faili bado linasafishwa. Akipiga tena, Bwana Amri alikuwa kwenye kikao. Kazini, mwenzake wa meza ya jirani alimwambia mwanamume akianza kujificha hivyo na huku anasema "nakuandalia", basi kuna pete. Antena akasafiri kwenda kwa baba yake akiwa na furaha ya siri katikati ya hofu. Usiulize kwa nini hakushuku. Pete kweli ilikuwapo. Bwana Amri alishainunua kabla, akipanga kumpa siku moja na sauti ya baba yake.

Alitokea hospitalini baada ya upasuaji, shati limepigwa pasi mbele na nyuma. Mzee alikuwa ameketi kitandani, shingo imefungwa bandeji, ubao mdogo wa kuandikia mapajani. Shangazi alikuwa anamenya chungwa lake mwenyewe dirishani.

"Shikamoo mzee," alisema Bwana Amri.

Mzee aliinua mkono, midomo ikaunda marahaba isiyotoka. Kisha akaandika kwenye ubao na kuugeuza: *Nichezee kipindi nijisikie.*

Antena alikuwa ameshavuta laptopu, uso umechangamka. Bwana Amri alibaki amesimama.

"Hamna kitu," alisema. "Nilisahau kile cha kukata kelele. Faili zima ni kimya. Nisamehe, mzee."

Chungwa la shangazi lilisimama mkononi. Antena hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja.

"Umejua lini?"

Alijaribu kueleza habari za seva, za mchirizi aliouona kwa macho yake, za programu alizojaribu. Antena alimwacha amalize, kisha akarudia swali lake.

"Jumamosi," alisema Bwana Amri. "Jioni ileile."

"Jumamosi baba alikuwa anaongea. Jumapili alikuwa anaongea. Jumanne tulikaa hapa naye ananiambia nisisahau kufunga madirisha ya nyumba. Ningemrudisha studio hata kwa mgongo. Ningemwekea simu puani. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kulirekebisha, mpenzi wangu. Nilitaka nikuletee likiwa zima."

"Ulitaka usionekane umekosea."

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana Amri alimtazama kwa macho ya mtu anayeomba atukanwe ili mambo yaishe. Antena hakumpa hata hilo.

"Ungekosea ukaniambia, tungecheka uzeeni," alisema. "Nenda nyumbani. Ufunguo wangu umwachie jirani. Antena ile juu ya paa naomba uishushe wewe, mimi sitaweza."

"Unanipenda?"

"Nakupenda. Nenda."

Akaenda, pete imo mfukoni, na kwenye ukumbi watu waliokuja kuona wagonjwa wakampisha wakidhani amefiwa. Shangazi alianza kusema kwamba simu yake ilikuwa tayari mezani siku ile, akaona uso wa Antena, akarudi kumenya chungwa.

Mzee hakukasirika, au kama alikasirika hakuwa na sauti ya kukasirika nayo. Alifuta ubao kwa kiganja, akaandika polepole, akamgeuzia binti yake: *Basi niambie wewe. Nilikuwa na sauti gani?*

Antena, ambaye masikio yake ndiyo yanayomlisha, alivuta kiti karibu. Alisema ilikuwa nzito. Alisema ilikuwa ya upole, kisha akasema hapana, si upole. Maneno yakamwishia. Akajikohoza, akanyoosha mgongo kama alivyomwona baba akifanya utotoni, akaishusha sauti yake chini kadiri ilivyoweza kushuka, akajaribu kusalimia wasikilizaji.

Mzee alisikiliza amefumba macho mpaka akamaliza. Kisha akatikisa kichwa na kuandika: *Si hivyo.* Akafungua mdomo amwonyeshe, akaufunga.