Mchumba Wangu Aliniacha Chini ya Matumbawe

Mita kumi na mbili chini ya maji, mwanamume aliyekuwa anioe baada ya wiki tatu alinitazama machoni...

Niligusa kichwa changu. Kilikuwa kinapasuka!

Nikanyoosha mkono nishike mpira wake wa akiba. Kila mpiga mbizi hubeba mpira wa pili wa kupumulia, ampe mwenzake akipata shida. Ndiyo sheria ya kwanza kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha!

Akaukwapua.

Akanisukuma kifuani, akageuka, akapiga mapezi yake ya manjano, akaenda zake juu.

Jamani, nyinyi mnaolia humu eti mmeachwa kwa meseji, hebu kaeni kitako niwaambie kuachwa ni nini.

Naitwa Timiro. Mwaka ulikuwa 1996. Nilikuwa nesi katika kliniki moja kambini Dagahaley, na mchumba wangu Ahmednoor alikuwa msimamizi wa magari na mitambo katika shirika fulani la misaada pale Dadaab.

Nikisema msimamizi msidhani ni mtu wa maana sana. Alikuwa na funguo kumi na mbili kiunoni, na alitembea akizitingisha ili tusisahau.

Na huyu bwana, mahali ambapo hata maji ya kunywa tunaletewa na lori, alianzisha klabu ya kupiga mbizi!

Tulikuwa wanachama saba, karibu wote wazungu wa ofisini. Mara mbili kwa mwaka tulitoka na magari na askari wa kutusindikiza, tukateremka pwani hadi Watamu kutazama matumbawe wikendi moja, kisha tukarudi kula vumbi.

"Hawa watu wa huku wanajua ngamia tu," Ahmednoor alikuwa akiwaambia wageni, huku amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Hawa watu wa huku! Mama yake aliuza maziwa ya ngamia soko la Garissa mpaka akamsomesha!

Mnaniuliza nilimpendea nini? Hata mimi sijui. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na akili zangu zilikuwa zimeenda likizo.

Safari hiyo ilikuwa kubwa kwake. Mkubwa wa shirika alikuwa amekuja kutoka Nairobi, naye alipenda kuzamia. Ahmednoor alitaka cheo cha Nairobi. Alikitaka kiasi kwamba alimfungia yule mzungu kamba za viatu. Wallahi, nilimwona!

Baba alinikubalia kwenda kwa sharti moja, kaka yangu Deeq aje kunichunga. Maskini Deeq, alitapika tangu boti iondoke ufukweni.

Basi tukazama. Mimi na Ahmednoor tulikuwa pacha, yaani nyinyi wawili mnaangaliana mpaka mtoke majini.

Dakika za kwanza ilikuwa raha. Samaki wa kila rangi, matumbawe mapana kama sinia za harusi.

Kisha nikaonja kitu mdomoni. Mafuta... moshi...

Kichwa kikaanza kugonga. Miguu ikalegea. Tumbo likapanda kooni.

Yaliyofuata mmeshayasikia. Nilimwomba hewa, akaninyima.

Niliogopa. Sioni aibu kusema. Niliona kifo kabisa, na kifo chenyewe kilikuwa na mapezi ya manjano yakienda mbali!

Nikafungua mkanda wa vyuma vya uzito kiunoni, ukaanguka. Nikaanza kupanda huku natoa pumzi kidogo kidogo, nasoma shahada moyoni.

Mkono wa Deeq ndio ulionishika. Hajui kuogelea, lakini alining'inia nje ya boti nusu mwili, akanivuta kwa mkanda wa mtungi.

Nilitapika mpaka nikaona nyota. Na Ahmednoor je? Ameketi mbele ya boti na mkubwa wake, anamenya chungwa!

"Ni woga tu," alimwambia mzungu, akicheka. "Nilikwambia, watu wa huku na maji hawapatani."

Mzungu naye akacheka.

Deeq aliniinamia sikioni. "Abaayo, dada yangu, huyu mtu alitoka majini akasema wewe ubo sawa, unaangalia samaki. Mimi ndio nikaona mabofu ya hewa imekuwa kidogo."

Njia nzima ya kurudi nilimtafutia sababu. Nilijiambia labda kweli niliogopa, labda sikumwelewa, labda naye alipata hofu. Wanawake tuna kipaji cha kuwatungia wanaume visingizio, bila hata kuombwa!

Jumatatu nilipita karakana. Fundi Gelle, mkimbizi kutoka Kismayu aliyekuwa akitutengenezea mitambo, alikuwa anashusha mitungi yetu kwenye gari. Akaniita.

"Timiro, walaal, nani alitumia ile mtungi mimi nilifunga na kitambaa nyekundu?"

"Kitambaa gani?"

"Hii hapa. Namba nane. Nani alitoa kitambaa?"

Niliangalia namba nane. Ulikuwa wangu.

"Gelle... ulikuwa na nini huu mtungi?"

Akakaa juu ya tairi.

"Saba tulijaza nje, fizuri kabisa. Ya nane, ubebo na fumbi ikakuja. Ahmednoor akasema tuingize mashine ndani ya nyumba ya jenereta, tufunge mlango, fumbi isiingie."

Dadaab ukiwa na mashine, adui yako ni vumbi. Kila mtu anafunika, anafunga, anaziba. Lakini mashine ya kujaza hewa huvuta chochote kilicho karibu nayo. Vumbi halikuingia, ni kweli. Ulioingia ni moshi wa jenereta!

"Nikabumua kidogo, nikasikia moshi," Gelle aliendelea. "Nikamwambia, mwaga hii, kesho tunajaza tena. Akabumua na yeye. Akatema mate! Akasema sawa, itabaki. Ndio nikafunga kitambaa."

"Alipumua mwenyewe?"

"Mbele yangu, wallahi."

Basi hesabu ni rahisi. Watu wanane tukimhesabu mkubwa, mitungi mizuri saba. Mmoja angebaki kwenye boti. Mkubwa hawezi kubaki. Wazungu hawawezi kuudhiwa. Yeye mwenyewe hawezi kukosa kuonekana.

Akavua kitambaa, ule wa nane akampa nani? Mtu wa huku.

Sikulia. Hasira ilikuwa imekausha kila kitu.

"Gelle, nisaidie kitu kimoja," nikasema. "Na usimwambie mtu."

Ijumaa baada ya Alasiri, wazee wa pande zote mbili walikusanyika nyumbani kwetu mtaa wa Iftin, Garissa, kupanga shughuli za nikaha. Chai ya maziwa, sambusa, mkeka mpya. Ahmednoor amekaa katikati, ananukia manukato mpaka nzi wamehama.

Nikaingia na Deeq. Amebeba mtungi namba nane, mpira wa kupumulia umeshafungwa. Akautua mkekani, mbele ya bwana harusi.

"Hii ni nini sasa?" akauliza adeer yake, yaani ami yake, mzee Issack.

Nikasimulia yote. Moshi. Kitambaa. Mpira wa akiba alioninyima ili mkubwa wake asijue.

"Uongo!" Ahmednoor akaruka. "Hewa ilikuwa safi! Huyo fundi ananichukia!"

"Sawa," nikasema. "Ni mtungi uleule. Pumua mara kumi tu mbele ya wazee, nami niombe msamaha, tupange nikaha."

Akauangalia mtungi.

"Bumua, Ahmednoor," mzee Issack akamhimiza. "Ni hewa tu. Maliza hii maneno."

Ahmednoor akaushika mpira. Akauleta karibu na mdomo... Jasho likamtiririka.

"Nina... nina mafua."

"Mara tano," nikasema.

"Daktari amenikataza."

"Mara moja!"

Akauweka chini.

Mzee Issack alifunika uso kwa shali yake. Nilimhurumia yeye, si Ahmednoor.

Nikauchukua ule mpira mimi. Mama akapiga yowe.

Nikapumua mara kumi, taratibu, huku namtazama machoni.

"Jana Gelle aliumwaga wote," nikasema. "Akaujaza upya nje, penye hewa safi. Ungepumua, ungenioa."

Baba yangu, aliyechimba visima Wajir maisha yake yote, hakupandisha hata sauti.

"Sisi kabla ya kumteremsha mtu kisimani tunajaribu hewa," alisema. "Wewe ulijaribu, ukajua mbaya, ukamteremsha. Kunywa chai yako uende."

Hakuinywa. Alitoka, na zile funguo zote kumi na mbili amezishika kwa mkono zisilie.

Cheo cha Nairobi alikipata, msishangae. Dunia ndivyo ilivyo, na wajinga wenye funguo hawakosi mlango. Lakini Garissa nzima hakuna baba aliyempa binti.

Dada zangu mnaosoma hapa, msiangalie mtu anakupeleka wapi, hata kama ni kwenye matumbawe. Angalia anapogawa, kibaya anampa nani. Akikupa wewe kwa sababu utavumilia, huyo si mchumba.

Mwenye kumtetea Ahmednoor aandike hapo chini. Mtungi bado ninao, na safari hii sitasema umejazwa wapi.